Kipaji bila cheti hupotea bila habari

Lubumbashi, Yemen, Uhispania, Charlotte, Toronto, Orlando, Charlotte tena, Phoenix, Memphis, Oklahoma City, San Antonio. Hiyo ndiyo njia aliyopita Bismack Biyombo katika maisha yake ya basketi. Ni Mkongomani aliyevaa jezi nyingi kuliko wengi wa rika lake, na ambaye mwaka 2025, akiwa na zaidi ya miaka 30, bado alipata timu ya kumwajiri katika ligi kubwa kuliko zote duniani, NBA ya Marekani.

Vijana wa Musienene wanaocheza basketi jioni baada ya masomo wanalijua jina hilo. Wanajua pia majina ya Emmanuel Mudiay wa Kinshasa na Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma, katika jimbo hili hili la Kivu ya Kaskazini. Watatu hao wana jambo moja la kushangaza linalowaunganisha: kila mmoja alichaguliwa wa 7 katika mwaka wake wa kuingia NBA. Biyombo mwaka 2011, Mudiay 2015, Kuminga 2021. Mwaka uliofuata, 2022, Kuminga akawa bingwa na Golden State Warriors.

Lakini kuna sehemu ya safari ya Biyombo ambayo haizungumzwi sana viwanjani, na ndiyo inayowahusu zaidi wazazi na viongozi wa Musienene. Njia hiyo ndefu ilikaribia kuharibiwa na swali dogo: huyu kijana alizaliwa lini?

Kwa kumbukumbu rasmi, Biyombo alizaliwa Lubumbashi tarehe 28 Agosti 1992. Alitoka nyumbani akiwa na miaka 16 kwenda kucheza Yemen. Baadaye alionwa na Mario Palma, kocha Mreno aliyewahi kuifundisha Angola na ambaye wakati huo alikuwa na timu ya taifa ya Jordan. Palma alimsaidia kufika Uhispania, katika klabu ya Fuenlabrada. Mwanzoni hakuwekwa kwenye timu ya kwanza. Alianzia daraja la chini, akapanda, na Januari 2011 akaanza kucheza katika ligi kuu ya nchi hiyo.

Miezi mitatu baadaye, mjini Portland, Marekani, vijana bora wa dunia walikutana na vijana bora wa Marekani katika mchezo wa Nike Hoop Summit. Biyombo alifunga pointi 12, akakamata ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Hakuna mchezaji aliyewahi kufikisha kumi katika mambo matatu kwenye mchezo huo kabla yake. Kwa usiku mmoja, kijana ambaye wengi hawakumjua akawa gumzo.

Na hapo maswali yakaanza. Vyombo vya habari vya Marekani viliandika kwamba baadhi ya timu zinatilia shaka umri wake. Wapo waliosema mwili ule si wa kijana wa miaka 18. Shaka hiyo haikuthibitishwa, na Juni 2011 Sacramento ilimchagua na kumpeleka Charlotte usiku huo huo. Lakini kwa wiki kadhaa, kijana aliyefanya kazi yote uwanjani alitakiwa kujieleza juu ya jambo ambalo hakuna mtu anayeweza kulishuhudia mwenyewe: siku aliyozaliwa.

Biyombo alikuwa na watu wa kumtetea. Alikuwa na klabu ya Ulaya iliyomjua, kocha mwenye jina, na mawakala waliojua kuzungumza na timu. Mtoto wa Musienene anayeulizwa swali hilo hilo kesho atakuwa na nini mkononi?

Hilo ndilo jambo la kufikiria. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto ni zaidi ya mali, na daftari lake la kwanza ni lile la ofisi ya état civil.

Sheria ya Kongo iko wazi. Kanuni ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka kila mtoto aliyezaliwa nchini atangazwe kwa ofisa wa état civil ndani ya siku 90. Katika muda huo, kuandikisha ni bure. Siku hizo zikipita, mzazi hawezi tena kumaliza jambo hilo kwenye meza ya ofisi peke yake. Anahitaji hukumu ya mahakama ndipo mtoto aandikwe, na hapo gharama za safari, za karatasi na za siku zilizopotea huanza kuhesabiwa. Kwa mama anayelima viazi au kuuza maharage sokoni, siku moja ya kwenda Butembo kufuata karatasi ni siku isiyo na kipato.

Matokeo yake yanajulikana. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 ulionyesha kwamba karibu watoto 40 tu kati ya 100 walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa nchini Kongo. Yaani watoto walio wengi wanaishi, wanasoma na wanacheza, lakini serikali haina habari nao.

Kuna kosa moja ambalo familia nyingi hulifanya kwa nia njema kabisa. Mama akijifungua hospitalini hupewa karatasi inayosema mtoto amezaliwa siku fulani, uzito kiasi fulani. Baadaye mtoto akibatizwa, parokia humpa kadi ya ubatizo. Karatasi hizo mbili huwekwa pamoja ndani ya sanduku, na wazazi huamini kazi imekwisha. Haijaisha. Karatasi ya hospitali inasaidia kupata cheti cha kuzaliwa, na kadi ya ubatizo ni ushahidi wa kanisa. Hakuna hata moja kati yake inayochukua nafasi ya cheti chenye sahihi ya ofisa wa état civil.

Katika basketi, tofauti hiyo inaonekana mapema. Mashindano ya FIBA ya vijana walio chini ya miaka 16 na 18 yanadai paspoti. Bila cheti cha kuzaliwa, paspoti ya mtoto ni ndoto. Na cheti kinachotengenezwa kwa haraka siku timu inapokaribia kusafiri, kwa tarehe ya kukisia au ya kupunguza miaka, ndicho kinachozaa shaka kwa Waafrika wote. Kila kijana mmoja anayekamatwa na miaka ya uongo huwachafulia njia wengine kumi wenye miaka ya kweli.

Karatasi ya kweli ni kinga pia dhidi ya wadanganyifu. Katika Afrika nzima kuna watu wanaojiita mawakala, wanaokuja kwa wazazi na ahadi za shule au timu ng'ambo, wakiomba pesa za viza na kutaka kubaki na karatasi za mtoto. Mzazi anayejua taratibu si rahisi kumlaghai. FIBA yenyewe hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kucheza, isipokuwa katika hali maalumu zinazochunguzwa. Biyombo alitoka nyumbani na miaka 16 na akafika salama. Asichukuliwe kuwa kanuni kwa kila mtoto. Wapo waliotoka kama yeye wakaishia katika miji wasioijua, bila timu, bila shule na bila nauli ya kurudi.

Lakini hoja ya cheti inavuka mipaka ya kiwanja. Musienene iko kusini mwa Butembo, kwenye barabara ya taifa namba 2, katika wilaya ya Lubero. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zimekimbia kuelekea Lubero na Butembo kwa barabara hiyo hiyo. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, godoro na sufuria. Karatasi hubaki ndani ya nyumba, na nyumba nyingine zikachomwa. Mtoto aliyekuwa na cheti anakuwa hana, na aliyekuwa hana anazidi kusahaulika.

Katika nchi yenye makundi ya silaha, umri ni suala la uhai. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kumwingiza mtu aliye chini ya miaka 18 jeshini au katika kundi lenye silaha. Lakini kijana mrefu wa miaka 15, yule yule ambaye kocha angemtamani chini ya kikapu, atathibitishaje miaka yake mbele ya kamanda anayetaka watu? Msichana wa miaka 14 anayelazimishwa kuolewa, nani atasimama na kusema huyu bado mtoto, na kwa ushahidi gani?

Watasema wengine kwamba wakati wa vita si wakati wa kuzungumza basketi wala karatasi. Usalama kwanza, halafu mengine. Ni kweli kwamba bila usalama hakuna kiwanja wala ofisi inayofanya kazi vizuri. Lakini watoto hawasubiri amani ndipo wazaliwe. Wanazaliwa kila siku katika hospitali kuu ya Musienene na katika vituo vya afya vya vijijini, na siku zao 90 zinahesabiwa tangu siku hiyo, iwe kuna vita au kuna amani.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo yanaweza kufanyika bila kungoja Kinshasa. Ofisi ya état civil ya usultani wa Baswagha inaweza kuwa na mtu wake kwenye wodi ya uzazi, hata kwa siku chache za juma, ili mama asitoke hospitalini bila mtoto kuandikwa. Wakuu wa shule wanaweza kuangalia vyeti mwanzoni mwa mwaka wa masomo mwezi Septemba, si kwa kumfukuza mtoto asiye nacho, bali kwa kutengeneza orodha na kuipeleka kwa wahusika. Mahakama inaweza kushuka vijijini na kusikiliza watoto wengi kwa siku moja, badala ya kila mzazi kupanda pikipiki peke yake. Parokia na makanisa mengine, ambayo yana madaftari ya miaka mingi, yanaweza kusaidia kuthibitisha tarehe. Na makocha, wale wanaofundisha bila mshahara, wanaweza kuuliza cheti siku ya kwanza ya mazoezi kama wanavyouliza viatu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kutangaza mtoto ndani ya siku 90 hakuhitaji kuwa na mtoto mwenye kipaji. Hakuna anayejua, mtoto akiwa na wiki tatu, kama atakuwa na urefu wa Mutombo.

Dikembe Mutombo, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024, alifika Marekani mwaka 1987 kwa udhamini wa masomo, akitaka kuwa daktari. Basketi ilikuja baadaye. Kilichomfungulia mlango wa kwanza kilikuwa shule na karatasi za shule. Ndipo akacheza misimu 18 katika NBA, na mwaka 2007 hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ikafunguliwa Kinshasa.

Biyombo amefuata nyayo hizo. Katika uwanja hakuwa mfungaji mkubwa. Hajawahi kumaliza msimu wa NBA kwa wastani wa pointi 10. Mwaka wake wa kwanza Charlotte ilishinda michezo 7 na kupoteza 59, asilimia mbaya kuliko zote katika historia ya ligi. Alidumu kwa sababu alikubali kazi ambayo wengi hawaipendi: kulinda, kugombea ribaundi, kuingia anapohitajika na kukaa anapoambiwa. Mei 2016, akiwa na Toronto, alikamata ribaundi 26 katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland ya LeBron James, na mwaka huo Orlando ikampa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 72 kwa miaka 4. Baba yake alipofariki mwaka 2021, alisimama kucheza kwa miezi. Alirudi Januari 2022 na Phoenix, kisha akatangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu huo, dola karibu milioni 1.3, utajenga hospitali nchini Kongo kwa jina la baba yake.

Wawili hao walikwenda mbali wakakumbuka nyumbani. Lakini waliweza kwenda kwa sababu kila mlango waliobisha ulipowauliza ninyi ni nani, palikuwa na jibu, hata pale jibu hilo lilipotiliwa shaka.

Musienene haina haja ya kungoja mchezaji wake wa NBA ndipo ijue thamani ya watoto wake. Wengi wao hawatacheza Charlotte wala San Antonio. Watakuwa walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa Butembo, wakulima. Wote watahitaji cheti hicho: kwa mtihani, kwa urithi wa shamba, kwa kupiga kura, kwa kuvuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda kutafuta bidhaa. Kikapu kinaweza kusubiri mwaka mwingine, kikatundikwa mbao zikipatikana. Siku 90 za mtoto aliyezaliwa juma hili hazitasubiri.