Vita ya diski ililipiwa na mnunuzi

SEBULENI
Na Bakari Mshindo

Jumanne ya Februari 19, 2008, Toshiba ilitangaza kwamba inaachana na deki za HD DVD. Zilikuwa hazijatimiza miaka miwili sokoni. Japani zilianza kuuzwa mwishoni mwa Machi 2006. Wengi waliandika kwamba Sony na wenzake wa Blu-ray wameshinda, Toshiba imeshindwa. Mimi namkumbuka mtu wa tatu, yule aliyekuwa ameshatoa fedha zake.

Deki za kwanza za HD DVD ziliuzwa Marekani kwa dola 499. Novemba 2007, Walmart ikauza aina mojawapo kwa chini ya dola 100. Baba mwenye runinga mpya nyumbani angeiachaje? Januari 4, 2008, Warner Bros., iliyokuwa ikitoa filamu kwa aina zote mbili, ikasema sasa inabaki na Blu-ray peke yake. Februari, Netflix, Best Buy na hiyo hiyo Walmart zikafuata. Deki ya yule baba ilikuwa nzima, ikicheza DVD zake za zamani bila tatizo. Ila filamu mpya za kuichezea ndizo zilizokatika.

Naambiwa mara nyingi kwamba Blu-ray ilishinda kwa ubora. Sikubali kirahisi. Aina zote mbili zilitumia leza ya buluu ya nanomita 405, badala ya ile nyekundu ya DVD yenye nanomita 650, na kwa mwanga huo mwembamba zilisoma alama ndogo zaidi. Tofauti ilikuwa kina. Blu-ray iliweka data milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski, ikapata gigabaiti 25 kwa kila tabaka. HD DVD ilibaki kwenye milimita 0.6 kama DVD, ikapata 15, lakini viwanda vya DVD viliweza kuitengeneza bila mabadiliko makubwa. Kila upande ulikuwa na hoja ya haki. Kilichosaidia sana kuamua ni PlayStation 3, iliyoingia sokoni Novemba 2006 ikiwa na Blu-ray ndani yake, wakati mwenye Xbox 360 alitakiwa kununua kifaa cha pembeni cha HD DVD kwa dola 199.

Kinachoniuma ni kwamba walijua kupatana. Mwaka 1995, Sony na Philips walikuwa na diski yao, Toshiba na Time Warner yao. Kampuni za kompyuta, IBM ikiwa mbele, zikakataa kubebeshwa aina mbili. Wakakaa. Diski ikafuata muundo wa Toshiba, namna ya kuandika data ikatoka kwa Philips na Sony, na dunia ikapata DVD moja. Mwaka 2005 Sony na Toshiba walizungumza tena, wakashindwana, kisha kila mmoja akaenda kumtafuta mteja.

Huku kwetu tulikuwa na kilio kingine. DVD ziligawiwa dunia kwa maeneo; Afrika Mashariki ikapangwa eneo la 5 pamoja na India na Urusi. Kaka yangu aliwahi kuniletea filamu kutoka Uingereza, eneo la 2, deki yangu ikazikataa zote. Diski halali, zimenunuliwa dukani kwa risiti! HD DVD haikuwa na mipaka hiyo. Blu-ray inayo, na Afrika imo eneo B. Kwa hiyo aliyeshinda ndiye aliyebaki na kufuli, na jambo hili halisemwi vya kutosha.

Leo mgawanyiko umehamia ndani ya runinga zenyewe. Kwa kupanga mwanga na rangi za kila tukio la filamu, wapo wa Dolby Vision na wapo wa HDR10+, na runinga za Samsung hazisomi Dolby Vision. Picha utaiona, lakini ule ubora ulioandikwa kwenye filamu hutaupata wote. Ndugu msomaji, ukiwa dukani usiangalie ukubwa wa kioo tu. Soma boksi, muulize muuzaji runinga hiyo inasoma aina ipi, na asipojua nenda duka linalofuata. Nanyi watengenezaji, mwaka 1995 mlikaa meza moja kabla ya kuja kwetu. Kaeni tena.