Spika za Marehemu: Zitengenezwe au Ziondoke?

Akina mama wapenzi, mwezi huu tunazungumzia jambo linaloonekana kuwa la wanaume na mafundi, lakini mwisho wake huangukia mikononi mwetu. Katika nyumba nyingi za hapa Igunga utakuta sebuleni spika mbili kubwa za mbao, zilizonunuliwa kwa fedha za pamba miaka mingi iliyopita. Haziimbi tena. Juu yake pana kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Baba hataki zitupwe. Mama anataka nafasi.

Kwetu pia zipo. Aliziacha marehemu baba mkwe, na ndugu bado wanakumbuka jinsi majirani walivyojaa uani kusikiliza Radio Tanzania, na nyimbo za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi za mkoa wetu. Sasa moja inakwaruza, na nyingine imepoteza sauti nyembamba. Baba watoto alitaka zipelekwe Tabora mjini mara moja, na fedha iliyokuwepo ndani ilikuwa ya ada. Hapo maneno yakaanza. Baadaye tulikubaliana: kwanza tujue ugonjwa, ndipo tuzungumzie dawa.

Spika si kitu cha ajabu. Aina tunayoitumia ilielezwa na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na namna inavyofanya kazi haijabadilika sana: sumaku, waya mwembamba uliozungushwa, na karatasi ya umbo la faneli inayotetemeka. Sumaku hudumu sana. Kinachowahi kuchakaa ni sponji inayoshika karatasi pembeni. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na sponji hiyo, nayo huanza kumomonyoka baada ya miaka 15 hadi 25 hivi, hata kama spika haipigwi. Zenye mpira au kitambaa hukaa zaidi.

Kwa hiyo ukiona sponji imekuwa unga, usikate tamaa. Fundi anaweza kubandika nyingine ya kipimo kile kile. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, mwombe akupimie mbele yako. Abonyeze karatasi polepole kwa vidole vya pande mbili. Ikiingia na kurudi kimya, ni dalili njema. Ikikwaruza, huenda waya wa ndani umeungua au umehama mahali pake, na kazi hiyo ni kubwa zaidi. Kisha apime waya huo kwa mita. Spika iliyoandikwa omu 8 huonyesha 6 au 7 hivi. Mita isiposogea kabisa, waya umekatika. Ikiwa kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kimekufa, ni afadhali kubadilisha pande zote mbili kwa aina moja, ili sauti zilingane.

Kasha nalo litazamwe, hasa chini na nyuma. Mbao za maranda yaliyoshindiliwa zikinyonya maji huvimba, wala hazirudi. Mchwa nao hula kimyakimya.

Baada ya vipimo, kaeni wawili mjiulize: Je, vipuri vinapatikana? Kuna mtu atakayezisikiliza, au zitarudi kuwa meza ya maua? Na fedha inatoka wapi? Sisi tuliweka mpaka: gharama ikizidi bei ya mbuzi mmoja, tunaacha, na ada haiguswi. Fundi alikuta waya wa spika kubwa zote mbili ni mzima. Sponji zilibadilishwa, vispika vidogo vikanunuliwa viwili, na seremala wa mtaani akaweka kitako kipya kwa kasha lililooza. Fedha ilitokana na kuku na karanga, na mbuzi wetu yuko zizini hadi leo.

Zikishapona, wafundishe vijana wasifungulie sauti hadi mwisho. Amplifaya ndogo ikilazimishwa huvuruga sauti, na vile vispika vidogo ndivyo huungua kwanza.

Ikiwa jibu lenu ni hapana, msizitoe usiku kwa muuza vyuma chakavu. Urithi una wenyewe. Waambieni kwanza shangazi na baba wadogo. Pengine mmoja wao anazihitaji, au anataka tu kuziona mara ya mwisho. Kasha zima linaweza kuwa kabati la vitabu vya watoto. Mzee aliyezinunua alitaka familia yake ifurahi. Ugomvi wa ndani kwa sababu ya spika zake usingemfurahisha hata kidogo.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani.