Pepo za Pwani na Safari za Shule Zetu

Kila mwaka mabasi ya shule huteremka kutoka Machakos hadi Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, yakiwa yamesheheni wanafunzi ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari. Ratiba hutaja Ngome ya Yesu, bandari ya Kilindini, na mwishowe kuogelea ufuoni. Saa ya kuogelea huamuliwa na dereva au na chakula cha mchana. Upepo na maji haviulizwi.

Wanamichezo wa matanga wa Mombasa na Kilifi huviuliza. Miaka ya karibuni umeingia pwani mchezo uitwao wingifoili. Mchezaji husimama juu ya ubao akiwa ameshika bawa la kitambaa lililojazwa hewa, na chini ya ubao kuna mguu wa karibu mita moja wenye mabawa madogo. Mwendo ukikolea, ubao huinuka ukapaa juu ya maji. Ni mchezo wa wachache wenye fedha, nasi hatuandiki ili kuutangaza. Kinachotuvutia ni maswali ayaulizayo mchezaji kabla hajalowa: upepo watoka wapi, una nguvu gani, na maji yanajaa au yanakupwa?

Ana sababu. Maji yakipwa, ule mguu hugonga mwamba. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka mita tatu au zaidi, na maji yatokayo kwenye mlango wa mwamba huenda kasi kama mto uliofurika. Umande nao, ule upepo uvumao alfajiri kutoka bara, humwonyesha mgeni bahari shwari, kumbe ndio umsukumao kuelekea kilindini.

Kisha kuna misimu. Kusi huanza Aprili au Mei, na makali yake huwa kati ya Juni na Agosti. Kaskazi hutawala Desemba hadi Machi. Kati yake ni malelezi, pepo zisizo na msimamo. Kwa hivyo anayeshuka pwani katika likizo ya Agosti huikuta bahari imechafuka.

Mwalimu wa jiografia wa Machakos anazifahamu pepo hizi kwa jina la monsuni. Huwaeleza wanafunzi kwamba mvua za vuli, tegemeo kuu la mkulima wa Ukambani, hunyesha kusi ikipisha kaskazi. Somo hilo huishia ubaoni, ilhali anayelisikiliza amekulia kando ya mito ya mchanga, ambayo kwa miezi mingi haina maji ya kumfikia kifundoni. Kuogelea kumo katika mtaala wa umilisi, lakini shule zenye bwawa ni za kuhesabika.

Twapendekeza mwalimu huyo ndiye apange saa ya ufuoni. Wanafunzi wenyewe wasome jedwali la kupwa na kujaa la Kilindini pamoja na utabiri wa Idara ya Hali ya Anga, kabla basi halijaondoka. Wasiojua kuogelea waishie maji ya magotini, na mwenyeji aijuaye bahari hiyo, mvuvi au mwokoaji, alipwe ili awe nao. Ujira wake ukionekana mzito, saa ya ufuoni ifutwe, na watoto waitazame bahari kutoka juu ya Ngome ya Yesu.