Mnara umejengwa, mbona bado tunapanda kilima kutafuta netiwaki?

Kila ushago una kale kasehemu. Chini ya mwembe fulani au juu ya jiwe fulani, simu inashika. Sogea hatua kumi, imekufa. Halafu unasikia mnara mpya umezinduliwa na utafikia hadi kilomita 30. Kabla hujapiga makofi, tufanye hesabu. Mimi chuo niliacha, lakini hii haihitaji digrii.

Dunia ni mviringo, kwa hivyo mawimbi ya redio yana upeo, kama vile macho yana upeo baharini. Chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, yaani ile namba ikijizidisha yenyewe inakupa urefu huo. Fanya vivyo hivyo kwa simu. Jumlisha, kisha zidisha kwa 4.12. Mnara wa mita 36 unakupa 6. Simu iliyo mkononi, mita 1.5 hivi kutoka ardhini, inakupa 1.2. Jumla ni 7.2, mara 4.12, unapata karibu kilomita 30. Kumbe hawakudanganya!

Shida ni kwamba hesabu hiyo inachukulia nchi kuwa tambarare kama meza. Ukiwa Garissa, sawa. Bonde la Kerio je?

Mji wa Iten uko ukingoni mwa bonde, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Weka mnara pale Iten, na msee aliye juu ya Milima ya Tugen, ng'ambo kabisa, anaweza kuuona bila shida. Lakini aliye chini ya ule mteremko mkali, kilomita chache tu kwenye ramani, amefichwa na ukingo wenyewe. Ukichora duara kuzunguka mnara, huyo anahesabiwa kuwa amehudumiwa. Yeye bado anapanda kilima ili ajaze fomu ya HELB ama aingie eCitizen.

Basi si warefushe mnara? Ukiufanya mita 72, mara mbili kamili, unaongeza kilomita 10 tu hivi. Na kivuli cha ukingo bado kipo, bana. Mnamo Julai 2020 Loon na Telkom Kenya walijaribu njia nyingine: maputo ya intaneti kilomita 20 angani, Baringo ikiwemo. Kutoka kimo hicho ukingo hausumbui sana. Kilichosumbua ni pesa, na 2021 mradi ukafungwa.

Halafu kuonana si kuongea. Mnara una nguvu ya kupiga kelele, lakini simu ya 4G hujibu kwa takriban wati 0.2 tu. Ndiyo maana wakati mwingine unaona vijiti viwili vya netiwaki na meseji inakataa kwenda.

Kwangu, mnara mfupi uliosimama kwenye sakafu ya bonde unawafaa watu wa huko kuliko jitu la mita 72 juu ya ukingo. Hauvutii kwa picha za uzinduzi, najua. Siku wakija kukata utepe, shuka na simu yako hadi mtoni, jaribu kupiga, kisha urudi umwonyeshe mheshimiwa.