Mila Hairuhusu Kumpiga Mke

Siku hizi Msukuma huoa Mmakonde, na Mhaya huolewa na Mgogo. Hilo ni jambo jema. Lakini wako wanaume wanaompiga mke, kisha husema: "Kwetu mke hufundishwa kwa fimbo. Huyu ni wa kabila jingine, hajui mila zetu."

Maneno hayo hayana nguvu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mke au mume wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Sheria haikutaja mila ya kabila gani. Ni mila zote. Mume anayepigwa naye analindwa, ingawa wengi huona haya kusema.

Mke aliyeolewa mbali na kwao ana shida zaidi. Wazazi wake wako safari ya siku mbili. Akipiga kelele usiku, majirani wanaosikia ni ndugu wa mume. Lugha yao haijui vizuri. Basi, wewe jirani, usimwambie avumilie. Msindikize polisi, apewe fomu ya PF3 ya matibabu. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kiongozi wa kijiji akisema huo ni ugomvi wa nyumbani tu, mtajie kifungu cha 66.

Shauri likifika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata, mke aombe lisikilizwe kwa Kiswahili. Asikubali kutafsiriwa na shemeji yake.