MABADILISHANO SI ZAWADI



Katika darasa la mwisho neno moja linasikika kila juma: Ulaya. Mmoja anasema: "Mimi nikipata diploma ya Serikali, naenda Italia, sitarudia tena." Mwengine anamjibu: "Bursa utaitosha wapi? Ile iko ya watoto wa wakubwa." Basi wanabishana mpaka kengele inalia. Sisi wa komite ya gazeti tunasema kwamba wote wawili hawajauliza jambo la kwanza: mwanafunzi wa mabadilishano ni mtu gani?

Tuchukue mji mmoja tu, Bologna, kule Italia ya kaskazini. Jina lake limekwisha kufika kwetu, hata kama wengi hawajui. Mnasikia kaka na dada zenu walio universite wanasema "LMD", ndiyo lisanse, masta na doktora. Mpango huo uliwekwa njiani kule Bologna tarehe 19 mwezi wa sita 1999. Siku ile mawaziri wa inchi 29 za Ulaya walitia sahihi karatasi moja, kusudi masomo ya inchi moja yaweze kuhesabiwa katika inchi ingine. Kongo yetu iliueneza mpango huo katika vyuo vikuu vyake tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Mwaka mmoja ni kredi 60, kule na huku. Kwa hiyo Bologna si habari ya mbali.

Chuo kikuu cha mji ule kinahesabu umri wake tangu mwaka 1088. Na ni nani walikipa nguvu? Ni wageni. Vijana walitoka hata ng'ambo ya milima ya Alps kuja kusoma sheria. Mgeni hakuwa na mtetezi: kama mwenzake wa inchi moja alikimbia na deni, wenyeji walimkamata yeye alipe. Katika karne ya 12 Kaisari Frederick Barbarossa alitoa sheria ya kukataza jambo hilo na kuwalinda wanafunzi safarini. Tena wageni wenyewe walijiunga katika vyama kufuata inchi zao. Vyama hivyo vikapata nguvu mpaka wanafunzi ndio waliowaandika walimu kazi, na mwalimu aliyechelewa kuanza somo alilipishwa faini. (Walimu wetu wasiogope, hatuombi hivyo hapa!)

Ndani ya jumba la zamani la chuo kile, Archiginnasio, lililojengwa mwaka 1563, kuta na dari zimejaa alama za jamaa na majina ya wanafunzi wa siku zile. Ni karibu 6,000. Wale watu hawakuja kuomba-omba. Walikuja kupokea na kuacha kitu.

Mpango wa siku zetu unaitwa Erasmus. Ulianza mwaka 1987, na mwaka ule wanafunzi 3,244 wa inchi 11 walibadilishana vyuo. Jina lake linakumbusha Erasmus wa Rotterdam, ambaye mwenyewe alikaa Bologna katika miaka 1506 na 1507. Ndiye aliyetoa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na chapa yake ya pili ndiyo Luther aliyoitumia kwa kutafsiri. Tangu mwaka 2015 mlango ulifunguliwa kwa mabadilishano na vyuo vya inchi zilizo mbali na Ulaya, Afrika pia. Katika mpango wa miaka 2021 mpaka 2027 Kongo ni moja ya inchi zinazoruhusiwa.

Sasa sikilizeni vizuri namna inavyofanyika, maana hapa ndipo wazazi wetu wanadanganywa. Mabadilishano si ya mtu aliyetoka sekondari jana. Kwanza lazima uwe umeandikishwa katika chuo kikuu cha hapa. Pili, chuo chako na chuo cha kule viwe na mapatano. Tatu, uchaguliwe. Kiisha kunaandikwa karatasi ya masomo utakayoyafuata, na watu watatu wanatia sahihi: wewe, chuo chako, na chuo kinachokupokea. Unakaa kule miezi 2 mpaka 12. Chuo cha wageni hakikuombi feza za masomo, kwa sababu ungali mwanafunzi wa kwenu. Ukishinda mitihani, kredi zako zinarudi pamoja nawe.

Je, katika njia hiyo yote mmeona mahali pa kamisionere? Hapana. Lakini tumesikia habari za baba aliyeuza shamba, na mama aliyeuza mbuzi wote, kwa kumpa mtu feza kusudi "amuingize mtoto katika mabadilishano ya Italia". Shamba limekwenda, mtoto angali kwenye mlango wa nyumba. Nafasi ya mabadilishano haiuzwi. Mwenye kukuuzia nafasi hiyo ni mwizi, hata akivaa koti na kubeba valizi. Mwambieni baba jambo hili jioni ya leo, kabla mwengine hajamfikia.

Wamoja watasema: "Basi ni shauri la bahati tu." Hapana. Ni shauri la kujitayarisha, na matayarisho yanaanzia katika benchi hii unayokalia.

Angalieni mitihani ya Italia. Mingi inafanywa kwa kinywa. Unakaa mbele ya profesa, anauliza, unajibu, na wengine wanasikiliza nyuma yako. Pointi zinahesabiwa juu ya 30, na mtu anapita akipata 18. Mwenye kukariri daftari bila kufahamu ataanguka kwa ulizo la pili. Na sisi hapa tunafanya nini? Tunanakili ubaoni, tunakariri usiku, tunamwaga asubuhi, na siku ya tatu hatukumbuki kitu. Tena kuna luga. Masomo mengi yanatolewa kwa Kiitalia, mengine kwa Kiingereza. Mwenye kusema "Kiingereza hakinihusu, mimi ni wa Kifaransa" anajifungia mlango yeye mwenyewe.

Maisha pia si ya picha. Mgeni atakayekaa zaidi ya miezi mitatu lazima aombe ruhusa ya kukaa katika siku 8 za kazi tangu kuingia inchini, na maombi yenyewe anayapeleka posta. Chumba ni kazi kukipata. Mwaka 2023 wanafunzi wa Italia wenyewe, kuanzia Milano, walilala ndani ya mahema mbele ya vyuo kwa kulalamika juu ya bei ya vyumba. Kama wenyeji wanalia, mgeni afanye nini?

Tusifiche pia kwamba njia si sawa kwa wote. Ambasade ya Italia iko Kinshasa. Mtoto wa Bukavu au wa Kisangani anayetafuta viza lazima avuke inchi nzima kwa ndege, na akikataliwa feza zimekwisha kuliwa. Kijana wa Italia hapati taabu kama hiyo akitaka kwenda kusoma Ufaransa. Neno "mabadilishano" linataka njia mbili. Kama ni sisi tu tunaokwenda, na hakuna anayekuja kusoma kwetu, basi ni msaada wenye jina zuri. Tunataka siku moja mwanafunzi wa Bologna aje kusoma hapa habari ya volkano, ya misitu, ya magonjwa ya muhogo, na ahesabiwe kredi kama sisi.

Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi. Wewe ukienda, utapeleka nini? Usifikiri huna kitu. Wengi wetu tunasema luga tatu ao nne bila kujisifu. Tunajua namna wazee wanavyokata maneno ya shamba bila tribunali. Tunajua mbegu gani inavumilia mvua nyingi. Lakini mtu asiyejua historia ya kijiji chake, wala jina la miti ya mlima wake, atajibu nini rafiki zake wa kule wakimuuliza? Atabaki kuhesabu majumba tu.

Na yule anayesema "sitarudia tena"? Hatumuhukumu mtu aliyekimbia vita. Huyo si mwanafunzi wa mabadilishano, ni mkimbizi, na ana haki zake. Lakini mwenye kutia sahihi kwamba atarudi, kisha akapotea, amemfungia mlango mdogo wake. Mwaka unaofuata chuo cha kule kitauliza: "Wa kwanza yuko wapi?" Zamani kule Bologna walimkamata mwanafunzi kwa deni la mwenzake. Sheria iliondoa jambo hilo, lakini katika mambo ya kuaminiana deni la mmoja lingali linalipwa na wengine.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Bwana Prefe na walimu wetu, mtupe mtihani wa kinywa mara moja kila muhula, hata katika somo moja tu, kusudi tuzoee kusimama na kueleza. Na ninyi wenzetu, tuwe na saa moja kila juma ya kusema Kiingereza, bila kuchekana. Kwa mambo haya hatuhitaji viza wala dola.

Asiyekubali maneno haya aandike. Gazeti lina nafasi, na stensili inayokuja bado ni nyeupe.

Komite ya gazeti