Mganga wa simu: tutazame yaliyoipata Rwanda



Natoa maoni yangu juu ya jambo linalosemwa sana siku hizi, yaani kuuza mitambo ya afya ya kompyuta na simu katika nchi za nje. Vijana wetu waliosomea kompyuta wanaambiwa kwamba hospitali za serikali za nchi jirani ni soko kubwa. Sipingi. Lakini kabla ya kushangilia, hebu tutazame yaliyotokea Rwanda.

Mwaka 2016 kampuni ya Babylon ya Uingereza iliingia Rwanda na kuanzisha huduma iliyoitwa Babyl. Mwananchi aliyeumwa hakuhitaji simu ya bei kubwa. Alibonyeza *811# katika simu yake ya kawaida, akapigiwa na muuguzi au daktari, kisha akaletewa namba ya kuchukulia dawa au kupimiwa. Kwa mtu aishiye mlimani, mbali na kituo cha afya, hiyo ni nafuu kubwa, na lazima tukiri. Zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha. Machi 2020 Serikali ikatia sahihi mkataba wa miaka 10, huduma ikaingizwa katika bima ya afya ya jamii, ile Mutuelle de Santé ambayo ndiyo kinga ya wakulima walio wengi.

Miaka hiyo 10 haikufika hata nusu. Kampuni ilipoingia soko la hisa la New York mwaka 2021 ilithaminiwa zaidi ya dola bilioni 4 za Marekani. Mwaka 2023 ikafilisika, na Babyl ikafungwa. Wanyarwanda hawakuwa na kosa lolote. Hasara kubwa ilipatikana ng'ambo, lakini simu iliyonyamaza ni ya mkulima wa Rwanda.

Nashangaa wenzetu wengi kudhani njia ya kuuza ni hiyo moja tu. Ipo DHIS2, programu ya takwimu za afya. Kazi yake ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nayo hutolewa bure ili kila nchi iirekebishe ipendavyo. Sisi tunaitumia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wake. Mapema mwaka 2020 Sri Lanka waliiongezea sehemu ya kufuatilia Korona. Baadaye manispaa za Norway nazo zikaitumia DHIS2 kwa kazi hiyo. Mwalimu akafundishwa na mwanafunzi!

Atauliza mtu, cha bure kinauzwaje? Kinachouzwa ni kazi: kuifunga mitambo, kufundisha watumishi, kurekebisha panapoharibika. Hapo ndipo vijana wetu wangepata riziki.

Mimi nikihamishwa, rejista ya darasa naiacha shuleni. Na hapa kijijini kadi ya kliniki ya mtoto hushikwa na mama, si na bwana mganga. Kwa hiyo mikataba yetu, tuwe wauzaji au wanunuzi, iseme wazi kumbukumbu za wagonjwa zitabaki kwa nani siku kampuni ikifunga milango, na watumishi wangapi wa nchi ile watakuwa wamekwisha fundishwa kuendesha mitambo wenyewe. Naiomba Wizara ya Afya itueleze mikataba iliyopo inasemaje juu ya hayo mawili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.